Uso si Mahindi

Nyumbani kwetu kila kitu huanikwa. Mahindi, ndengu, mbaazi, ngozi ya mbuzi, magodoro ya watoto. Uwanja wetu uko kwenye mteremko nyuma ya Mumbuni na hakuna mti unaoufunika, kwa hivyo jua hutufikia tangu asubuhi mpaka jioni. Nilipoanza kutoka chunusi, muda mfupi baada ya kumaliza darasa la nane, hakuna aliyefikiria hospitali. Binamu yangu, binti wa baba mkubwa ambaye nyumba yao na yetu ziko kwenye uwanja huo mmoja, alinitazama paji la uso akasema, "Si uanike tu? Hata mahindi yakikaa juani yanakauka."

Nikaanika. Januari yote na Februari, kila saa saba mchana, nilikaa ukingoni mwa turubai la mahindi nikiwa nimefumba macho na uso nimeuinua juu. Nilisikia ngozi ikikaza. Chunusi zilikauka zikabanduka kama maganda. Uso wote ukawa mweusi zaidi, sawasawa kila mahali, na nilipojitazama kwenye kioo cha baba cha kunyolea ndevu sikuona kitu. Nilijua nimepona.

Kisha ukaja mwezi wa sita. Huku kwetu miezi ya baridi ina mawingu ya chini sana. Ukungu unakaa vilimani mpaka saa nne, na jua likitoka linatoka saa nane, linachungulia, linarudi. Kila asubuhi tulijipaka mafuta ya kukamulia, yale mazito tunayopaka chuchu za ng'ombe, kwa sababu bila hayo midomo na mashavu hupasuka. Tukavaa marvini, zile kofia za sufu, mpaka kwenye nyusi. Ndani ya wiki tatu chunusi zilirudi, na zilikuja na wenzao. Zilikuwa mashavuni, kidevuni, chini ya marvini. Nyingine zilikuwa na usaha. Nilizibinya zote.

Binamu yangu alinibandika jina. Aliniita Muthokoi, kwa sababu muthokoi ni mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, na ukiupakua kwenye sahani una vinundu juu. "Muthokoi, kuja ule wenzako," aliniita wakati wa chakula. Watu walicheka, na mimi nilicheka nao, maana sikujua la kufanya na mdomo wangu.

Hayo ningeyasahau. Sikusahau siku ya ntheo ya dada yake mkubwa.

Ntheo ni ile siku ambayo upande wa mwanamume huleta mbuzi, na kuanzia hapo msichana anahesabiwa kuwa mke wa watu. Wageni walikuwa wanatoka Athi River. Kwetu wageni wa ntheo hunawishwa na wasichana wawili wa nyumba ile. Mmoja anamimina maji kwa jagi, mwingine anashika beseni na taulo begani. Wanaanzia kwa mzee mkubwa na kuteremka mpaka kwa kijana wa mwisho, na wageni huwaangalia vizuri, kwa sababu hapo ndipo wanapouliza ni binti wa nani huyu, na huyu je. Mimi na binamu yangu ndio tuliokuwa na umri huo. Mama alinishonea gauni la bluu. Kwa wiki nzima nilikuwa nimejifunza kumimina bila kumwaga.

Wageni walipokwisha kuketi, nilichukua jagi. Mama Mkubwa, yaani mama yake binamu yangu, alinishika mkono mlangoni mwa jiko. Hakuwa na hasira. Aliongea kwa upole, kama mtu anayemwondolea mtoto kisu.

"Wewe kaa hapa mama, uangalie sufuria. Wageni wakikuona hivyo watashindwa kula."

"Watadhani muthokoi umeanza kujitembeza wenyewe," binamu yangu akasema.

Wanawake wote jikoni walicheka. Woi, walicheka mpaka mmoja akaweka kisu chini. Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa ameinama kwenye sinia la viazi, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.

Jagi akapewa msichana wa jirani. Nilikaa karibu na moto na gauni langu la bluu, na kwa sababu jiko letu ni la mabati nilisikia kila kitu cha nje. Nilisikia sauti ya mzee ikisema, "Si tuliambiwa mabinti wa nyumba hii mko wawili?" Nikasikia binamu yangu akijibu kwa sauti tamu, "Huyo mwingine ni mgonjwa kidogo."

Hapo kando ya sufuria ndipo nilipojiapia. Dada yangu mkubwa naye alikuwa na mchumba. Ntheo yake ingefika, mwaka ujao au mwingine. Siku hiyo jagi ningelishika mimi, na binamu yangu angekaa jikoni anuse moshi. Sikutaka kingine.

Mwezi huohuo nilimpeleka Susu, nyanya yetu, kupimwa presha kwenye zahanati. Muuguzi alimfunga Susu mkono, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

"Na wewe hiyo uso unaipaka nini?"

Nilimwambia. Nilimwambia pia kwamba nangoja jua la mwezi wa tisa nianike tena. Alicheka, lakini si kile kicheko cha jikoni.

"Nani alikuambia uso ni mahindi? Jua linakausha juu tu. Linakuchoma unakuwa mweusi uso mzima, sasa hiyo chunusi huioni. Chini bado iko. Na zile alama zinazobaki, jua linazikoleza, zinakaa miezi."

Alinieleza polepole, kwa sababu aliona nataka kukumbuka. Nioshe uso mara mbili kwa siku, kwa sabuni isiyo kali na maji ya uvuguvugu, bila kusugua. Mafuta ya ng'ombe yabaki kwa ng'ombe, na baridi ikinibana nitumie losheni nyepesi. Marvini ioshwe, tena isishuke kwenye paji la uso. Nisibinye kitu. Alinipa dawa ya tyubu ya kupaka kidogo, siku moja ndiyo, siku moja hapana, mpaka ngozi iizoee. Jua likirudi, nivae kofia.

"Na usitegemee kupona kesho," akasema. "Ni miezi. Ukiacha katikati, usirudi hapa kunilaumu."

Tyubu niliificha ndani ya mkebe wa mbegu za ndengu, mahali ambapo binamu yangu hakuwa na sababu ya kutia mkono. Susu peke yake ndiye aliyejua. Kwa wiki za kwanza ngozi iliwasha na kubanduka, na chunusi hazikupungua hata moja. Nililia mara mbili. Lakini sikuacha, na sitasema ni kwa sababu nilijipenda. Kila nilipochota maji ya kuosha uso nilisikia ile sauti tamu. Mgonjwa kidogo.

Kufikia Oktoba hazikutoka mpya. Zilibaki alama, na kwa ajili ya alama nilivaa kofia pana ya majani kila nilipotoka kugeuza mahindi. Binamu yangu alisimama mlangoni kwao akapiga makofi.

"Kai! Mzungu wa Mumbuni! Jua litakuyeyusha?"

Nikaendelea kugeuza mahindi. Alama zikafifia kidogo kidogo, Krismasi ikapita, na mwaka mpya watu wakaanza kuniita kwa jina langu.

Mwezi wa sita uliofuata ukungu ulirudi. Binamu yangu alikuwa amesuka rasta mpya zenye kung'aa kwa mafuta, alikuwa na marvini nyekundu, na uso wake uling'aa kwa mafuta ya kukamulia kuliko chuchu zenyewe. Nilihesabu siku. Chunusi ya kwanza ilimtoka kwenye pua. Ya pili na ya tatu zilitoka pamoja. Katikati ya Julai, wakati tarehe ya ntheo ya dada yangu ilikuwa imeshapangwa Agosti, alinifuata kwenye tangi la maji. Alikuwa amejifunika mdomo kwa leso.

"Wee, nikuulize. Wewe ulifanya nini zikaisha?"

Nilikuwa nimengoja swali hilo mwaka mzima. Niliendelea kujaza mtungi.

"Nilianika," nikasema. "Si wewe ndiye uliniambia?"

"Na mafuta?"

"Mafuta usiache. Baridi itakupasua."

Aliniambia asante. Alinishika hata mkono.

Nataka kuandika jambo hili vile lilivyo. Yeye aliponiambia nianike, hakujua. Sisi sote tuliamini hivyo. Mimi nilipomwambia, nilijua, na nilijua kwa maneno ya muuguzi.

Kuanzia siku hiyo alitoka na kigoda kila mchana. Jua la Julai huwa dogo, linaanguka kipande hapa kipande pale, naye alilifuata na kigoda chake, kutoka kando ya zizi hadi mlangoni kwa Susu, kutoka mlangoni hadi kwenye turubai ambapo mimi niligeuza mbaazi kwa mguu, kofia kichwani. Alifumba macho. Mafuta yalimtiririka mpaka shingoni. Nilipita karibu naye kivuli changu kikamgusa, akasema bila kufungua macho, "Toka, unanizibia." Nikatoka. Nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia kanisani.

Susu alikuwa anapepeta ndengu. Aliniita kwa kidole.

"Mbona wewe unavaa kofia na mwenzako anaungua?"

"Amependa mwenyewe, Susu."

"Mwambie."

"Nitamwambia. Baada ya ntheo."

Susu akapeperusha makapi upande wangu, yakanijaa kwenye gauni.

Siku ya ntheo ilifika, asubuhi ya ukungu. Uso wa binamu yangu ulikuwa umevimba mashavuni, na pale alipokuwa amebinya palikuwa na madoa meusi, yaliyokolea. Nilisimama jikoni na gauni lilelile la bluu, lililoongezwa upindo, nikimngoja Mama Mkubwa aseme maneno yake. Sufuria zilikuwa motoni. Wageni walikuwa wameketi. Mama Mkubwa aliingia, akamtazama binti yake, akamrekebisha kola, akampa jagi.

"Mimina polepole, mama. Na wewe shika beseni."

Hivyo tu. Hakuna aliyecheka. Mwaka mzima sikuwahi kufikiria kwamba maneno yale yalikuwa ya kuambiwa mimi peke yangu, kwamba mama hamwambii hivyo mtoto aliyemzaa.

Mimi si mtu wa kuongea mbele ya watu. Nikiitwa kuomba kabla ya chakula, nasahau hata amina. Lakini mkono wangu ulikwenda wenyewe ukashika jagi, na nikamsikia mtu anasema kwa sauti yangu:

"Wewe kaa hapa uangalie sufuria. Wageni wakikuona hivyo watashindwa kula."

Kisu kiliacha kukata. Mama yangu aliinua kichwa kutoka kwenye viazi. Nilingoja kicheko, maana maneno yalikuwa yaleyale, hata mlango ulikuwa uleule. Hakuna aliyecheka. Binamu yangu aliliachia jagi. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mabati, akaketi kwenye kigoda karibu na moto.

"Tutaongea," Mama Mkubwa akaniambia kwa sauti ya chini. Lakini wageni walikuwa wanangoja, na msichana mwingine hakuwepo.

Nikatoka peke yangu. Taulo begani, jagi mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto. Kazi ile ni ya watu wawili. Beseni la maji machafu kwa mkono mmoja huinama, na jagi lililojaa hutetemeka. Kwa mzee wa kwanza niliweza. Kwa wa pili maji yalimwagikia kiatu, kiatu cha ngozi kilichopakwa rangi asubuhi hiyo.

"Pole sana, baba."

"Haina neno," akasema, akivuta mguu. Alinitazama uso, na uso wangu ulikuwa safi, nilijua. "Lakini mbona uko peke yako? Mwenzako yuko wapi?"

Niliangalia jiko. Kati ya bati na bati kuna nafasi, na nilijua amekaa pale ambapo mimi nilikaa, na kwamba anasikia.

"Ni mgonjwa kidogo," nikasema.

Niliwanawisha wote, mpaka kijana wa mwisho. Niliporudi jikoni niliweka jagi na beseni chini. Binamu yangu alikuwa anakoroga pilau, amegeuza uso kando kwa sababu ya moshi. Nilikuwa nimemwahidi Susu, na ntheo ilikuwa imekwisha kwa upande wangu. Nikamwambia palepale, nimesimama. Kwamba si jua. Kwamba mafuta yale ndiyo yanayozidisha. Kwamba tyubu iko kwenye mkebe wa ndengu, na muuguzi yuko kila siku isipokuwa Jumapili.

Hakuacha kukoroga.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Hata pale kwa tangi?"

"Hata pale."

Aliinua mwiko, akaugonga ukingoni mwa sufuria, akaifunika. Basi.

Sasa ni Oktoba na jua ni kali. Tunageuza mahindi kwenye turubai moja, kila mtu upande wake, sote wawili tumevaa kofia. Hatuongei sana. Alikwenda zahanati mwenyewe, tyubu yangu hakuigusa. Chunusi zimemwisha. Alama bado zipo, muuguzi alisema zitakaa miezi, na binamu yangu akivua kofia kujifuta jasho, huwa nazitazama.