Mke Mjamzito Nisiyekuwa Naye

Kazi yangu ni upelelezi wa makosa ya wanyamapori, na kwa miaka mingi nilijisifu kwamba najua kudanganya. Kwenye gari la ofisi, kati ya Iringa na Mbeya, wenzangu huniomba niwasimulie nilivyomwingiza fulani mkenge, tunacheka mpaka machozi. Hii ya Igawa sijawahi kuisimulia.

Tulipata habari za mama mmoja muuza mchele pale Igawa, barabarani, ambaye kaka yake anawinda nyati hifadhini. Tulimtaka kaka. Nikajifanya dereva wa lori, nikamwomba yule mama anitafutie nyamapori. Akasema yeye anauza mchele tu. Nikarudi tena, akajibu kwa ukali kidogo: "Kaka, mbona hunielewi?" Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nina kiburi. Mara ya tatu nikanunua mchele kilo tano, nikakaa kwenye ndoo yake, nikamwambia kwamba mke wangu ni mjamzito, anatapika kila kitu, roho yake inataka nyamapori tu. Ukweli ni kwamba mke wangu yuko Ipogolo, Iringa, hana mimba, na mtoto wetu wa mwisho yuko kidato cha pili.

Akaniuliza mimba ina miezi mingapi. Nikasema minne. Akanipa pole, akasema yeye kwenye mimba yake ya mwisho alikuwa hashibi udongo wa kichuguu. Akaniambia nirudi kesho.

Kesho yake akanitolea kipande cha nyama kavu, hakizidi kiganja. Nikatoa hela, akakataa.

"Ya mjamzito haiuzwi, kaka. Mpelekee."

Nikawapa wenzangu ishara.

Kaka mtu alikimbia, na dada hakumtaja hata kwa bahati mbaya. Tukabaki na dada, kile kipande, na bosi anayetaka kesi. Kwenye maelezo yangu niliandika kwamba nilimwomba nyama, akanipatia. Mimba sikuiandika, wala zile mara mbili alizokataa. Nilijua ninachofanya. Nilitaka hakimu amwone mfanyabiashara, na hakimu akamwona hivyo.

Mahakamani Mbeya hakuwa na wakili. Nikaapa, nikatoa ushahidi, kisha hakimu akamwambia aniulize maswali kama anayo. Alikuwa amekonda sana. Nilikuwa nimeshaamua moyoni: akiniuliza kama nilimdanganya, nitasema ndiyo, liwalo na liwe.

Akaniangalia kwa haya. "Wifi alijifungua salama?"

Miezi yote ile mahabusu alikuwa akiihesabu mimba yangu. Nilijiandaa kwa hasira yake, kwa hili sikujiandaa. Ningesema tu hakuna wifi, hakuna mimba, nilikudanganya, na hakimu angejua nyama ile ilipatikanaje. Lakini niliona aibu zaidi kumwambia yeye kuliko kumwambia hakimu.

"Salama," nikasema.

"Tunamshukuru Mungu."

Hakimu akamwuliza kama ana swali jingine. Akasema hana, akakaa.

Siku ya hukumu sikwenda. Nilikuwa nyumbani Ipogolo, bosi akanipigia simu kuniambia yule mama kafungwa, akanipongeza kwa kazi nzuri. Nikamwambia asante.