Baba Mkwe na Mamba wa Kwenye Runinga

Mimba mbili zilikuwa zimeshanitoka, zote mwezi wa tano. Ya tatu ilipofika mwezi wa nne nesi aliniambia bila kupindisha: kama namtaka mtoto huyu, nikae. Nisilime, nisichote maji, nisitwange. Nikae tu. Angeniambia nihamishe mto Kiwira ingekuwa afadhali. Mimi nimelelewa Busale kwenye mpunga. Kukaa nilikuwa nakujua siku ya msiba peke yake. Na mdomo ninao, hilo sifichi. Wiki ya kwanza nilimgombeza kila aliyepita mlangoni, mpaka kuku.

Mume wangu ndiyo kwanza alikuwa ameingia kwenye biashara. Miaka ile vitu vilianza kumiminika madukani, naye alikuwa akifuata redio na runinga za mtumba Dar es Salaam, anauza Kyela mjini na ng'ambo ya mpaka. Safari moja alirudi na runinga ndogo na mashine ya gemu, akavichomeka chumba cha mbele, akasema hivi ndivyo vitakavyonikalisha. Kesho yake akasafiri tena.

Gemu yenyewe ilikuwa ya mtu mmoja. Mashua imezama, mtu katupwa ufukweni mwa kisiwa, mikono mitupu, na jua linazama. Kazi yako ni asiliwe. Basi. Kwa nguruwe pori nilikufa. Kwa chui nilikufa. Nikijitahidi nikawakwepa wote, nashuka mtoni kunywa maji, mamba ananidaka mguu, halafu unapigwa muziki mfupi wa kunicheka. Nilikuwa namtukana yule mamba kwa Kiswahili, nikiishiwa namalizia kwa Kinyakyusa, ambacho kwa matusi hakijambo.

Sasa, nje ya dirisha la chumba kile ndipo alipokuwa akikaa baba mkwe. Kwa asiye wa kwetu nieleze kidogo: mwanamke wa Kinyakyusa na baba mkwe wake hawatazamani. Hamsalimiani uso kwa uso, hamsemeshani, hamkutani njiani. Akija huku, wewe unapita kule, au unachuchumaa pembeni umejifunika kanga. Hata mambo ya mwili wake, anaumwa nini, anasumbuliwa na nini, hayazungumzwi mbele yako. Nilikuwa na mwaka wa pili kwenye nyumba ile, na nilichokijua kwa yule mzee ni kikohozi chake, maana alikohoa kila alipotaka kupita ili nijifiche, na miguu yake. Uso wake sikuujua.

Matusi yangu yalimfikia. Siku moja mama mkwe aliingia huku anazuia kicheko, akasema mzee anauliza leo umeliwa na nani. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikajibu, mamba. Akatoka, akarudi: mzee anasema mamba hukuvizia pale ulipochota maji jana, kwa hiyo leo chota pengine. Ujana wake wote mzee alikuwa amelinda mpunga kando ya mto, viboko huku, mamba huku, na alisema kwa uhakika wa mtu aliyeyaona. Nikajaribu. Nikanywa maji, nikaondoka na miguu yangu miwili. Nilipiga kigelegele, na nje nikasikia kiti kinasogezwa karibu na dirisha.

Tukaanza hivyo. Mama mkwe akawa posta yetu, huku analalamika kwamba ameuzeekea ujinga, anabeba habari za wanyama wasiokuwepo. Chui usimkimbie, rudi nyuma polepole. Kiboko usisimame kati yake na maji. Mengine hayakufaa kitu. Mzee alishauri nguruwe afukuzwe kwa kupiga debe, na kisiwani debe nitoe wapi? Lakini mwezi wa tano ukaingia, ukapita, na mimi nimekaa. Ndipo nikamwelewa. Yule mzee hakuwa na haja na mamba wala chui. Alikuwa ananishikilia kitini. Siku nilipolijua hilo nililia kwanza, kisha nikaendelea kucheza.

Tatizo likabaki usiku wa kwanza wa kisiwani. Walikuja fisi, wengi, na bila moto huwezi. Mzee akauliza, kisiwa kizima hakuna mwenye moto? Nikasema yupo mzee mmoja, ana kibanda juu ya kilima, moshi wake unaonekana. Akauliza, huyo mzee anasemaje? Nikasema sijui, sijawahi kumkaribia, nikifika pale napitia nyuma ya kilima.

Halafu nje kikatoka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia tangu niolewe, kikubwa, cha mtu anayeshika mbavu. Mama mkwe naye akakaa sakafuni kabisa. Miezi miwili nilikuwa nakizunguka kile kilima kwa adabu, naliwa na fisi, kwa sababu pale juu palikuwa na mzee mwenye ndevu nyeupe. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo, vidole vilienda vyenyewe.

"Mwambie," mzee akasema, akasahau kushusha sauti, "yule wa kwenye runinga si mkwe wake. Aende akaombe moto."

Nikaenda. Nikapewa papo hapo. Usiku ule nikauvuka salama, nikamtuma mama mkwe akamwambie ndaga fijo, asante sana, na ilitoka moyoni.

Mimba ilipofika mwezi wa nane, mama mkwe alikwenda Lyulilo kununua vyungu na samaki, alale huko, kesho arudi. Mume wangu alikuwa safarini, na majirani walikuwa mashambani, wanavuna. Mchana, nikiwa na pedi ya gemu mkononi, tumbo likanikata, nikaona damu. Pedi ikaanguka. Yule mtu wangu akaliwa na mamba, muziki ukapigwa ukaisha. Nilijua mzee yuko nje, hatua tano tu. Na jamani, sikumwita. Mtoto ananiponyoka na mimi nimeuma kanga, nasubiri apite mwanamke yeyote njiani. Mpaka leo nikikumbuka najikasirikia.

Ila siku ile mamba alikuwa amekula bila kutukanwa, na mzee aliligundua hilo. Hakukohoa. Alikuja mpaka dirishani.

"Mwanangu, kuna nini?"

Nikasema, damu.

Alileta baiskeli mpaka mlangoni. Alinipandisha kwenye keria yeye mwenyewe, mikono yake ikinipapasa mabegani, nami nikajifunika kanga ikabaki nafasi ya macho tu. Tukaanza njia ya hospitali, yeye anasukuma, uso kaelekeza mbele.

"Niambie barabara ilivyo," akasema. "Usinyamaze."

Nilijua hataki nizimie. Nikamwambia: shimo kushoto, baba. Lori linakuja. Hapa kuna mtaro. Nikinyamaza kidogo alikuwa anauliza kama nipo, nami nasema nipo, baba. Tulipofika sokoni watu waliacha kupima mchele. Mkwe na mkwe wake, mchana kweupe, wanasemezana! Walitupisha njia nzima huku wanageuza nyuso kwa aibu, wala hakuna aliyethubutu kusogea. Akauliza kama bado ni mbali. Nikasema geti naliona.

Mtoto alizaliwa jioni ileile, wa kike, anatosha kwenye viganja viwili. Alilia kwa hasira, nikajua huyu ni wa kwangu kweli.

Tuliporuhusiwa kurudi nyumbani, wazee wa ukoo walikaa kikao. Walisema mwiko umeshavunjika, basi tuumalize vizuri. Akachinjwa jogoo, tukala uani sahani moja, mzee na mimi, nami bado nimejifunika kanga, na baada ya chakula akakaribishwa ndani kumpokea mjukuu. Nikaondoa kanga kichwani, nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

Macho yake yote mawili yalikuwa meupe. Nilimgeukia mama mkwe, naye akabaki ananishangaa mimi, maana alidhani najua. Miaka mitatu sasa mzee alikuwa anaona mwanga na vivuli tu. Ndiyo maana hakwenda tena shambani. Nikaikumbuka ile barabara, lile shimo, lile lori.

Nikamweka mtoto mikononi mwake. Akampapasa paji la uso, pua, kidevu, kwa kidole kimoja, taratibu.

"Anafanana na nani?" akaniuliza.

Nilimtazama tena, safari hii bila haraka, kisha nikamtazama mtoto.

"Na wewe, baba," nikamwambia.