Nyota Ambazo Bibi Fradl Hakuziona

Pale Kolvishok, mji wetu mdogo wa Wayahudi huko Lituania, nusu ya watu waliosukumana sokoni walipokelewa duniani na mikono ya Bibi Fradl. Alikuwa mkunga kwa miaka arobaini. Alijua kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni, na alijua kumnyamazisha mume anayelia kuliko mkewe. Neno moja tu hakuna aliyewahi kulisikia kinywani mwake: sijui.

Jumapili moja ya majira ya baridi, Hinde, mke wa Getsel fundi bati, alijifungua mtoto wa kiume, saa ile ambayo si mchana wala si usiku. Wanaume walikuwa sinagogini, madirisha yamefungwa, kutani kumebandikwa karatasi za zaburi za kumkinga mzazi na mwanawe. Kwetu siku mpya huingia jioni, nyota tatu zikishaonekana, na mtoto huingizwa katika agano la Ibrahimu siku ya nane. Siku ya saba ni mapema mno. Kwa hiyo ngariba, Mzee Zalkind, alipofika aliuliza jambo moja tu, kama nyota zilikuwa zimetoka, maana zikiwa zimetoka mtoto ni wa Jumatatu. Bibi Fradl akajibu kuwa alikata kitovu, akafungua dirisha, akatazama, hakuona hata moja. Tohara ikapangwa Jumapili ya pili yake, asubuhi.

Jumamosi jioni alisimama uani na jirani yake Matle wakingoja Sabato, siku isiyowashwa moto, iishe. Matle akasema twende tukawashe jiko.

"Bado nyota," akasema Bibi Fradl.

"Bado nini, mwenzangu? Ile pale juu ya bomba la moshi, kubwa kama kitunguu. Na zile mbili. Au unangoja zishuke zikupe mkono?"

Bibi Fradl aliinua uso. Aliona kijivu kitupu, kama blanketi kuukuu. Akacheka, akasema alikuwa anamtania tu.

Ndani aliketi bila kuvua shali. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho aliona nyota, asikumbuke. Basi Jumapili ile dirishani kwa Hinde alitazama nini? Kwa Getsel ni nyumba ya tatu tu. Angekwenda akasema hana hakika, wangesubiri hadi Jumatatu, na hakuna ambaye angeumia. Alisimama mara mbili. Mara zote mbili alijiona mlangoni, na wanawake wanatazamana: Fradl kawa kipofu, nani atamwita tena? Akakaa.

Asubuhi ndiye aliyepewa heshima ya kumtoa mtoto kwa mama yake, juu ya mto mweupe, kumpeleka kwa wanaume. Kiti cha Nabii Eliya kilikuwa pale, kitupu kama desturi, kwa kuwa kila tohara yeye huja kushuhudia. Bibi Fradl alikipita ameinamisha kichwa. Wengine wote waliona kiti kitupu. Mtoto akalia, akaitwa Anshel, jina la babu yake, na watu wakaomba kwamba kama alivyoingia katika agano, aingie pia katika Torati, ndoa na matendo mema. Wote wakaitika amina. Yeye midomo haikufunguka.

Kisha Getsel akamletea keki ya asali, akawaambia wageni macho ya bibi huyu yanashinda saa ya kanisani kwa kupima siku. Keki ile alikwenda nayo nyumbani mfukoni. Hakuila.

Siku nne alikwenda kumwogesha Anshel, na kila alipofungua kitambaa alihesabu siku upya. Siku ya tano alikwenda kwa rabi. Rabi alisikiliza, akauliza kwa upole kwa nini hakusema tangu Jumamosi. Alijibu kwamba aliona haya kwa ajili ya macho yake, na sasa haya ile ni ndogo akiipima na hii. Rabi akaamua: jeraha likipona, ngariba atoe tone moja la damu, ili agano lisikae juu ya shaka. Lakini wazazi, Bibi Fradl atawaambia mwenyewe.

Getsel alisema ni bahati mbaya, si neno. Hinde alimchukua mtoto kitandani akamkumbatia, akageukia ukutani.

Siku ya tone hawakuwaita wageni. Bibi Fradl alisimama karibu na mlango, shali mkononi, tayari kuondoka. Hinde akatoka na mto.

"Umeniumizia mwanangu mara mbili," akasema.

"Ni kweli, mwanangu."

"Basi mbebe. Usikae huko mlangoni kama mgeni. Usikie anavyolia."

Akambeba. Mzee Zalkind akachoma kwa sindano, kilio kikawa kifupi. Waliokuwepo wakaitika amina, na safari hii Bibi Fradl aliitika pamoja nao, kwa sauti ndogo, uso wake umeinamia mto.

Tangu hapo, alipoitwa jioni, alibisha kwanza kwa Matle. "Vaa shali twende," alimwambia. "Mimi nyota sizioni."