Kakao, Majani na Kunde ya Ndani ya Kichwa

Kaka yangu alikuwa hawezi kuacha kufunua kakao. Kwetu Ipyana, mbegu mbichi hurundikwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba, zikaachwa zichachuke kwa joto lao zenyewe. Yeye alifunua, akafunika, akanawa mikono mpaka ngozi ikachubuka, kisha akarudi kufunua tena, kutwa nzima. Kakao ilipoa na kuota ukungu. Wifi alivumilia hadi akachoka, akachukua watoto akarudi kwao Busale.

Tuliomba kanisani, akameza dawa kwa miaka, kote tukagonga mwamba. Ndipo daktari wake wa akili alipotutafutia hospitali nje ya nchi, wanakoingiza nyaya za umeme ndani ya ubongo. Mimi ni nesi, nikaenda naye kuwa mkalimani. Mama aliniuliza swali moja tu: "Wakishamtoboa kichwa, atarudi mwanangu au atarudi mtu mwingine?" Niliogopa kuliko yeye.

Chuoni viini vya kilindi cha ubongo nilivikariri ili nifaulu mtihani, nikavisahau. Sasa daktari wa upasuaji alinionyesha kwenye picha kiini kilichokaa chini ya thalamasi, ile sehemu ya katikati ya ubongo, nacho kidogo kama kunde. Wazo, alisema, huzunguka kati ya paji la uso na huko chini, na hapo ndipo hupewa ruhusa ya kuondoka. La kaka yangu lilikuwa halipewi ruhusa. Niliitazama kunde ile mpaka mwili ukanisisimka. Nyumba nzima ilikuwa imevunjika kwa sababu ya kitu ambacho ningekipoteza kwenye ungo.

Walimpasua akiwa macho, ili azungumze. Kwa hofu Kiswahili kilimkimbia, akajibu kwa Kinyakyusa, nami nikatafsiri.

"Unawaza nini?"

"Kakao. Nani ameifunika?"

Daktari akaongeza umeme kidogo. Mabega ya kaka yakashuka. Nikamuuliza tena.

"Kakao ipo," alisema taratibu, "ila imeniachia. Mwambie huyu mzee ndaga, asante sana. Na wewe mdogo wangu, hiyo kofia nani kakuvalisha? Umekuwa kama chungu kilichofunikwa."

Hakuna mwingine duniani anayenitania hivyo. Nililia ndani ya barakoa, na daktari akadhani kuna jambo baya.

Haikuwa miujiza ya siku moja. Umeme ulirekebishwa mara nyingi, na mpaka leo ananawa kuliko sisi. Lakini msimu huu alifunika kakao, akachukua jembe, akaenda kwenye mpunga bila kugeuka nyuma. Nikabaki nimesimama pale na Mama. Mkono ukaniwasha, nikainua ncha ya jani nichungulie.

"Acha!" kaka akapaza sauti kutoka shambani. "Utaipoza."

Mama akanipiga kofi mkononi, akarudishia jani mwenyewe. "Umemsikia mwanangu," akasema.