Jina la Mfupa na Mkono wa Bi. Mwanaidi

Nakumbuka asubuhi moja pale Temeke, mwanangu, enzi za Mwingereza, nilipokuwa mganga msaidizi mgeni katika zahanati ndogo ya kuta za udongo na paa la bati. Nilikuwa nimetoka chuoni na daftari lenye majina ya mifupa yote ya mwanadamu. Nililolipenda kuliko yote lilikuwa olekranoni. Ndilo jina la kitabibu la kile kifupa kinachochomoza nyuma ya mkono unapoukunja, ambacho sisi twakiita ncha ya kisukusuku. Nilipenda kulitamka na, sikufichi, nilipenda zaidi kulitamka mbele ya watu.

Bi. Mwanaidi alikuwa mjane aliyeishi kwa kusuka ukili, ule mkanda wa majani ya miyaa unaoshonwa ukawa mkeka. Jumatatu hiyo aliteleza kisimani, akaangukia kisukusuku. Alifika akiwa ameuviringisha mkono ndani ya kanga, nami nikamwamkia kama nilivyolelewa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mkono waendeleaje?"

"Mkono haujambo, twamshukuru Mungu."

Nikaandika kitabuni kwamba olekranoni imepata mshtuko mdogo, haikuvunjika. Nikampa dawa ya kuchua na kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni. Kanga sikuifunua. Niliona haya kumshikashika mwanamke wa umri wa mama yangu. Isitoshe, nilikuwa nimeuliza na nimejibiwa.

Desturi yetu waijua. Mtu akiulizwa hali, hutanguliza jema hata akiwa hoi kitandani; baya hulisema baadaye, akipewa nafasi. Mimi sikumpa nafasi. Adabu yake niliiandika kitabuni kana kwamba ni habari ya mfupa.

Alhamisi akarudi. Nilimuuliza swali lile lile, akanijibu jibu lile lile, nami nikashika kalamu. Kando yetu Mzee Yohana alikuwa akikunja bendeji. Huyu alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda, wa siku nyingi ambaye hakuwahi kukanyaga chuo chochote. Alikuwa Mnyamwezi, na Bi. Mwanaidi alikuwa Mzaramo. Basi walikuwa watani, wenye ruhusa ya kuambiana ambayo wengine hawathubutu.

"Mtani," alisema Mzee Yohana, "wewe hata siku ya kuzikwa utawaambia wachimba kaburi kuwa hujambo."

"Na wewe utakuwa wa kwanza kuufuata wali wa matanga. Mwache kijana. Ameupa mkono wangu jina la Kizungu, nami nimeridhika."

"Hebu uinue, kama unayeanika ukili kwenye kamba."

Alicheka, akauinua. Bega lilipanda vizuri, lakini kuanzia kisukusuku mkono ulijikunja ukamwangukia kichwani. Akajaribu kuunyoosha, haukunyooka. Kicheko kikamtoka usoni.

"Sijasuka tangu Jumatatu," alisema polepole. "Sikutaka kuwasumbua."

Mzee Yohana alimwomba radhi, akaifunua kanga, akakishika kidole changu na kukiweka juu ya uvimbe. Chini ya ngozi, mahali palipopaswa kuwa na mfupa mmoja, palikuwa na ufa, na ncha ya kidole changu ikazama humo. Kisha akanivuta kando, mama yule asisikie.

"Umeandika jina la mahali ambapo hujafika," alisema. "Sasa panda naye gari mpaka hospitali kubwa ya mjini. Mwambie daktari kwa kinywa chako kwamba umemchelewesha siku tatu. Mimi sitakusemea."

Garini wazo baya lilinijia. Ningeweza kusema kwamba mgonjwa amefika kwetu siku ile ile. Bi. Mwanaidi asingenikanusha, heshima yake ingenisitiri kama ilivyousitiri mfupa uliovunjika. Hapo ndipo nilipoona jinsi nilivyokuwa tayari kuutumia wema wake mara ya pili. Nikamweleza yote kabla hatujafika.

"Nami nilikuficha," alisema. "Twende tukaseme wote wawili."

Daktari alinikaripia sana, na nilistahili. Aliuunga mfupa kwa waya, akasema kwamba kama tungengoja majuma mawili, huenda mkono usingenyooka tena. Ulipona, ingawa haukunyooka kabisa, na mvua za vuli zilipoanza Bi. Mwanaidi alikuwa amerudi kwenye ukili wake. Mzee Yohana hakulitaja jambo lile tena, wala kwangu wala kwa mwingine. Mpaka leo ninamshukuru kwa mambo mawili: kwamba alinionya, na kwamba hakuniaibisha.

Basi, mwanangu, soma, na majina uyajue yote, maana elimu ni haki yako na ni deni lako kwa watu. Lakini mtu akikuambia hajambo, keti naye kidogo, umuulize tena. Omba ruhusa, ukaguse. Ukikosea, uwahi kusema mwenyewe, hasa pale ambapo uliyemkosea ni mpole mno hata hawezi kukushitaki. Mungu akupe macho ya kuona maumivu yanayofichwa kwa heshima, na akuwekee karibu, ujana wako wote, mtu mmoja atakayekukemea kwa sauti ya chini.