Verni Mbichi Juu ya Flipa

Mwezi uliopita nilipita Rumonge, mji wetu wa zamani kando ya ziwa, nikielekea Nyanza-Lac, gari letu likasimama karibu na fundi aliyekuwa akipaka kitanda verni, ile vanishi ya kung'arisha mbao. Harufu ile ilipoingia dirishani viganja vyangu vililowa jasho, hata mama mmoja kando yangu akaniuliza kama naumwa. Nilimwambia hapana. Wewe nitakueleza.

Miaka ya vita baba alikuwa seremala mjini hapo. Kibanda chake kilipakana na buvette ya jirani yetu, mwanamume mcheshi aliyefiwa na mkewe, aliyeuza bia na brosheti, yaani mishikaki ya mbuzi. Jirani alikuwa na mashine ya flipa, ule mchezo wa kurusha kipira cha chuma ndani ya sanduku lenye kioo juu. Ubao wake wa kuchezea, uliochorwa meli na nyota, ulikuwa umechubuka vibaya. Akamletea baba mashine nzima aurudishie ubao sura yake. "Vita itaisha," alisema, "na watu watataka kucheza."

Niliyepaka ni mimi, maana macho ya baba yalishaanza kuona ukungu. Tulinyunyiza maji sakafuni ili vumbi litulie, tukafunga mlango, nami nikavuta burashi taratibu, upande mmoja tu. Ikikauka tunasugua kwa msasa laini, tunapaka tena. Mama alituletea ugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwa mawese, tukavila nje ili mafuta yasifike kwenye ubao. "Verni haipendi mtu wa haraka," baba alizoea kusema.

Alasiri moja milio ya bunduki ilishuka kutoka milimani. Jirani alikuwa amekwenda Kabezi kutafuta bia. Binti yake, rafiki yangu wa darasani, aliingia kwetu bila viatu, akihema. Watu wenye silaha walikuwa tayari ndani ya buvette, wakiwatafuta baba yake na yeye. Baba aliinua ubao, akamlaza rafiki yangu ndani ya sanduku la mashine, ambalo tulikuwa tumeshalitoa kioo na nyaya zote, akaurudisha ubao juu kama kifuniko. Matundu ya ubao yangempa hewa. Kisha akanipa burashi.

"Paka. Usiache."

Waliingia wawili.

"Mwenye buvette iko wapi?"

"Ameondoka," baba alijibu.

"Na mutoto wake?"

"Sijamuona."

Mmoja alisogea hadi ubavuni mwangu, akaweka kiganja juu ya ile meli. Kikanata. Chini ya kiganja kile palikuwa na uso wa rafiki yangu. Nilijikojolea nikiwa nimesimama, na burashi nikaendelea kuivuta.

"Hiyo iko mbichi," baba alisema, kwa sauti ileile ya kuongea na wateja. "Mukitoka, mufunge mulango. Vumbi itaiharibu."

Yule mtu alipangusa mkono kwenye suruali. Wakatoka. Na mlango waliufunga.

Tulipoinua ubao, rafiki yangu alikuwa akitapika kwa ile harufu, na verni imemdondokea nyweleni. Mama alimnyoa kichwa, akamvika nguo zangu, na kulipokucha akamkabidhi kwa wanawake wauza ndagala waliokuwa wakivuka kwenda Kigoma. Baba yake hakurudi kutoka Kabezi. Hadi leo hatujui alikoishia.

Sisi pia tulikimbia baadaye. Tuliporudi, flipa ilikuwa imekwisha kuwa kuni za watu. Sasa kwenye kile kibanda wanauza simu, na vijana wanaosimama pale hawajui kama paliwahi kuwa na buvette. Baba na mama wamekwisha kufa. Kati ya watu wa kibanda kile na buvette, najua tumebaki wawili.

Yeye ameolewa Tanzania, ana watoto wakubwa. Mwaka jana alinipigia simu, tukaongea habari za shule na ndagala, kisha akarudi kwenye siku ile.

"Mule ndani sikuona kitu," aliniambia. "Nilisikia burashi yako tu, inapita juu ya uso wangu. Nikajiambia, ikisimama, basi wamenipata."