Sahani ya Figo Kule Magoma

Haya wanangu, mlioko nyuma sogeeni. Na wewe uliyeshika simu iweke mfukoni, haitaozea humo. Kesho tunakwenda Korogwe kumposea Hamisi, na tangu asubuhi nawasikia mnagombania nani apande gari gani. Mimi nina neno kabla ya gari.

Ipo siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, na kichwa chenyewe mnakiona. Nywele zote zimetoka, imebaki siku hiyo tu.

Nilikuwa kijana mzuri. Nikipita hapa Handeni majogoo yanaacha kuwika yanitazame. Basi pale soko la Korogwe nikamwona msichana anauza maharage, Zaina, wa Magoma. Mwanangu, niliyanunua maharage yale mpaka nyumbani wakadhani nafungua shule ya bweni. Mwisho nikamwambia baba, akamtuma mdogo wake aende kuniposea. Tukaondoka watatu: baba mdogo, mimi, na rafiki yangu Salehe wa kubeba sukari na kanga. Salehe tulikua pamoja, ila kwao asili ni Kusini. Wazee wake walikuja kukata mkonge wakabaki huku.

Kule Magoma tukapokewa vizuri. Baba mdogo akaulizwa, "Ninyi ni watu gani?" Alikuwa anaisubiri hiyo. Akataja baba, babu, baba wa babu, akaenda hivyo mpaka nikaona sasa hivi anamtaja Nabii Nuhu na mbuzi wake. Wazee wanaitikia tu, wengine wameshafumba macho.

Chakula kikaja. Mposaji nikawekewa sahani yangu peke yangu, juu yake figo za mbuzi zimekaangwa zinang'aa. Heshima kubwa hiyo. Lakini kwa mama yangu figo ni mwiko. Bibi yangu mzaa mama, Bi Mwantumu, alituambia ukila, meno yanapukutika. Mwiko wenyewe mtu anaurithi kwa mama, kwa hiyo baba mdogo yeye alikuwa anazila. Na kweli meno hakuwa nayo, ingawa ile ilikuwa kazi ya miwa.

Nikaisogeza sahani pembeni kwa Salehe, taratibu, kama mtu anayejikuna. Bibi yake Zaina akaniona. Bi Mwanahawa, mama mzaa mama yake, kibibi chembamba kama mpini wa jembe.

"Baba, mbona huli? Umekuja kuoa au kutukagua?"

"Shikamoo bibi. Nisamehe, kwetu mwiko."

"Marahaba. Kwenu kwa nani? Baba yako huyu mdogo nimemwona anaramba vidole."

"Kwa mama, bibi."

Akaitazama ile sahani. Halafu akasema, "Na humu ndani hakuna mwanamke anayezila, wala mtoto wake. Ndiyo maana tunawapa wageni." Akanigeukia vizuri. "Mjukuu wangu, mmetutajia wanaume mpaka tumesinzia. Hao wanaume walijizaa? Mama yako amezaliwa na nani?"

"Na Bi Mwantumu, wa Handeni."

Kibibi kikakaa chini. Akasema yeye kwao ni Uziguani, huku huku kwetu Handeni. Ilikuwa wakati wa njaa, watu wanakwenda kuhemea milimani, wanatafuta chakula kwa marafiki. Baba yake alikuwa na rafiki kule milimani Vugiri, walikuwa wanabadilishana tumbaku na ndizi. Akamwacha binti yake mdogo kwa rafiki yule ale ashibe, amfuate mvua ikinyesha. Mvua ilinyesha, baba hakurudi. Njaa ilishammaliza njiani. Mtoto akalelewa, akaolewa Magoma, akawa bibi. Nyumbani walidhani alikufa na baba yake.

"Nilikuwa na dada," akasema. "Mwantumu. Kila siku alikuwa ananinyima nafasi karibu na moto."

"Hata sasa," nikamwambia. "Analala pale peke yake, paka akisogea anampiga teke."

Basi. Bibi yangu na bibi yake Zaina tumbo moja. Mama yangu na mama yake Zaina ni watoto wa mtu na mdogo wake, wanaitana dada. Kwa mila zetu Zaina akawa dada yangu pale pale, mbele ya wali. Sauti yake ikatoka mlangoni: "Ndiyo maana anabishana bei kama mama."

Mwanangu, niliingia na mchumba, nikabaki na dada. Iliniuma, sisemi uongo, wali ulinikwama mpaka leo nikikohoa unatoka punje. Lakini tulimpeleka Bi Mwanahawa Handeni, na wale mabibi wawili hawakulia. Mdogo alipita moja kwa moja hadi jikoni, akasema, "Leo hapa karibu na moto nalala mimi." Dada mtu akamsogelea paka.

Hamisi baba, asiyeuliza hana ajifunzalo. Kesho usiende na majina ya wanaume peke yake. Nenda leo kwa bibi yako, muulize alizaliwa na nani, nani alipotea, nani aliachwa kwa rafiki. Muulize na mnachokatazwa kula. Watu wanakufa, mwiko unabaki. Na marafiki wa wazee wako wasalimie, huenda kuna ndugu yako amekulia kwao. Mungu akupe mke asiye dada yako, na akijaalia dada, akupe na moyo wa kumwoza.

Mimi wangu nilimwoza mwenyewe. Aliolewa na nani? Siku ile ile, wazee wamejiinamia, posa imekufa, tukasikia mtu anajifuta midomo pembeni. Tukageuka. Sahani yangu ilikuwa tupu.

"Wazee wangu," akasema Salehe, "mimi figo nakula."